Wimbo Uliochelewa Robo Pigo

Saa tatu asubuhi karatasi mbili zilikuwa mezani, moja kushoto na moja kulia, na hazikufanana.

Zilipaswa kufanana. Zote mbili zilibeba nota za wimbo uleule, wimbo ambao ulikuwa haujapigwa redioni wala jukwaani. Karatasi ya kushoto ilitoka kwenye kompyuta ya mnukuzi wa bendi, msichana ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza nyimbo na kuziandika kwa nota, kila sauti na mstari wake. Ya kulia ilikuwa imenunuliwa jana yake katika duka la fotokopi, ilikoning'inia ukutani kwa kibanio cha nguo kati ya mitihani ya zamani na ramani ya dunia. Muuza duka alikiri kwamba mteja mmoja aliileta kutolewa nakala mbili, na yeye akajitolea zake za kuuza. Sura ya mteja hakuikumbuka. Kichwa kilisema WIMBO MPYA kwa herufi nene, na chini ya herufi hizo kulikuwa na kivuli chembamba cha ukingo wa karatasi: mtu alifunika kichwa cha asili kwa kipande cheupe kabla ya kupiga nakala.

Mpelelezi alikiandika kivuli hicho kwanza. Kisha akainua macho na kuwatazama watu watatu waliokuwa wamekaa mbele yake, katika chumba cha mazoezi ambacho kuta zake zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili kelele zisiwafikie majirani.

Wa kwanza alikuwa kiongozi wa bendi, mtunzi wa wimbo wenyewe. Wote walimwita Mkubwa, na yeye aliitika kama jina alilopewa na mama yake. Wa pili alikuwa mnukuzi, binti wa dada yake. Wa tatu alikuwa mpiga ngoma, mtu mrefu mwenye usingizi usoni, ambaye bendi nzima ilimwita Kesho, kwa sababu ukimwita leo, kesho ndipo atakapofika.

"Mchapishaji wa kitabu ndiye aliyenituma," mpelelezi alisema. "Anataka kuchapisha nyimbo zenu thelathini, zimeandikwa nota. Mkataba wa kuziandika uko tayari kwa jina la mnukuzi huyu. Akifika alasiri bila kujua nani aliyevujisha, atampa kazi mtu mwingine."

"Na mimi nitakuwa wapi?" mnukuzi aliuliza.

"Ulipo sasa. Lakini bila kazi."

"Si hiki kitabu tu, dada. Nani atanipa tena wimbo ambao haujatoka? Katika kazi hii ukishatajwa, umetajwa."

Mkubwa alikunja mikono kifuani. "Mpwa wangu nampenda. Lakini wimbo nilimpa yeye peke yake. Kilichomo chunguni akijuaye nani kama si mwiko?"

"Mjomba, mwiko hauna miguu."

"Una kompyuta."

Mpelelezi aliisogeza karatasi ya kulia mbele ya msichana. "Soma hii. Unaona nini?"

"Aibu."

"Kwa maneno marefu zaidi."

Mnukuzi aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hivi vijumba vilivyogawanywa kwa mistari ya wima tunaviita vipimo. Wimbo huu una mapigo manne kwa kila kipimo, na sauti inaingia palepale kwenye pigo la kwanza. Hapa haiingii. Kila kipimo kinaanza na alama ya kimya, kimya kidogo cha robo pigo, ndipo nota ije. Halafu kila nota inakosa nafasi, inamwagikia pigo linalofuata. Tazama hizi kamba zinazofunga nota na nota. Ni kama mtu aliyehama nyumba kwa mkokoteni bila kukaza mizigo."

"Wewe huandika hivi?"

"Mimi naandika nota moja moja. Mkono wa kushoto unabonyeza namba ya urefu wa nota, wa kulia unabonyeza herufi yake. Nota haiwezi kusogea hata unywele bila mimi kuisogeza. Huyu hakuandika. Alipiga kinanda kilichofungwa kwenye kompyuta, na programu ikaandika ilichosikia."

"Au uliandika hivyo makusudi," Mkubwa alisema, "ili tuseme si wewe."

"Inawezekana," mpelelezi alisema. "Ndiyo maana hatujaanza kupongezana."

Mnukuzi alimtazama. Halikuwa jibu alilolitaka, lakini lilikuwa sawasawa.

"Basi kama tunatafuta wa kuchelewa," Mkubwa aliendelea, na kidevu chake kikaelekea upande wa pili wa meza, "mchelewaji tunaye hapa. Na programu ile anayo. Alimwomba mpwa wangu amwekee."

Kesho alijinyoosha kitini. "Mkubwa, mimi nachelewa kufika. Nikishafika, sichelewi."

"Mke wako anasemaje?"

"Mke wangu anasema kheri nichelewe nirudi kuliko nisirudi."

Mpelelezi hakucheka, lakini alisubiri wengine wamalize. Kisha aliomba kinanda kifungwe kwenye kompyuta ya mnukuzi kwa waya wake, hedfoni zichomekwe, na metronomu ya programu iwashwe, ule mlio wa tik tik unaomhesabia mpigaji mapigo. Alimwambia Kesho apige mstari wa kwanza wa wimbo kwa kidole kimoja, kwa mwendo uleule wa bendi: mapigo tisini kwa dakika.

Kesho alipiga. Programu iliandika nyuma yake, nota baada ya nota, kama karani asiye na maoni. Alipomaliza, wote wanne waliinama juu ya kioo cha kompyuta.

Nota ya kwanza ilikuwa imewahi. Ya pili ilikuwa mahali pake. Ya tatu ilikuwa imechelewa robo pigo, ya nne nusu pigo, ya tano imewahi tena. Mstari mzima ulikuwa kama shati lililofungwa vifungo gizani.

"Mimi ni mpiga ngoma," Kesho alijitetea. "Vidole vyangu havijazoea kufanya kazi kimoja kimoja."

"Umejiokoa," mpelelezi alisema. "Binadamu akichelewa, huchelewa kwa vipimo tofauti. Anakosea, anajirekebisha, anakosea tena. Kwenye karatasi ya duka kila nota imechelewa robo pigo ileile, tangu kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Hakuna mkono unaochelewa kwa uaminifu kiasi hicho. Mkono wa aliyepiga ulikuwa sahihi. Kilichochelewa ni kitu kingine."

"Kitu gani?" Mkubwa aliuliza.

"Sijui bado."

Aliwapa mapumziko mafupi. Mnukuzi alibaki kitini akiitazama karatasi ya kulia kama mtu anayetazama mkufu wa kuibwa shingoni kwa mwingine. Mkubwa alitoka nje kuzungumza kwa simu. Kesho alisimamisha simu yake juu ya ngoma kubwa, akaiunganisha na spika ndogo isiyo na waya iliyokuwa kwenye rafu, na kuanza kutazama muhtasari wa mpira.

Mpelelezi alikuwa akiandika. Baada ya muda kalamu yake ilisimama. Kwenye kioo cha simu mchezaji alipiga mpira, mpira ukaondoka, ndipo kishindo cha buti kikatoka kwenye spika. Mtangazaji akaonyeshwa: mdomo wake ulifunga, kisha neno la mwisho likafika.

"Siku zote iko hivyo?" aliuliza.

"Spika hii? Siku zote," Kesho alisema. "Ukiizoea huoni."

"Mwite Mkubwa."

Safari hii jaribio lilifanywa na mnukuzi. Hedfoni kwanza: nota nane, kila nota kwenye mlio mmoja wa metronomu. Zilikaa kwenye mapigo yake bila kuyumba. Kisha mpelelezi alichomoa hedfoni, akapeleka mlio wa metronomu kwenye ile spika isiyo na waya, na kinanda kikaachwa kitoe sauti kwa spika zake zenyewe.

"Sikiliza mlio, ufuate. Usijaribu kusahihisha chochote."

Msichana alipiga nota zilezile nane. Masikioni mwao zililingana na mlio vizuri kabisa. Kwenye kioo, kipimo cha kwanza kilianza na alama ya kimya cha robo pigo. Cha pili kilianza hivyohivyo. Kamba zilifunga nota na nota, mizigo ikamwagikia pigo linalofuata.

Mnukuzi aliiweka karatasi ya duka kando ya kioo. Mwendo wa makosa ulikuwa mmoja.

"Mlio unatoka kwenye kompyuta, unasafiri hewani, spika inaupokea na kuutoa," mpelelezi alisema. "Safari hiyo inakula muda. Anayepiga anausikia umechelewa, anaufuata kwa utii, na kompyuta inadhani aliyechelewa ni yeye. Kwa mapigo tisini, muda huo ni karibu robo pigo kamili. Kwa hiyo tunamtafuta mtu mwenye mkono wa mwanamuziki aliyesoma, ambaye haijui programu hii vizuri. Anayeijua angechagua nota zote na kuzirudisha nyuma kwa mara moja."

"Vitufe viwili," mnukuzi alisema.

"Mpwa wangu anaijua," Mkubwa alikiri, polepole. "Lakini spika hizi ziko kila nyumba. Utagonga milango ya mji mzima?"

"Hapana. Spika imetuambia namna. Haijatuambia nani. Jibu la nani liko hapa." Alipindua karatasi zote mbili, akaonyesha kiitikio. "Upande wa kushoto kuna mistari miwili. Mwimbaji anaimba, ananyamaza, saksafoni inamjibu. Upande wa kulia mstari ni mmoja. Mwimbaji anaimba, halafu anaendelea na jibu la saksafoni, halafu anaimba tena. Mwimbaji huyu anavuta pumzi saa ngapi?"

Kesho alihesabu kwa vidole. "Havuti. Anakufa kwenye kipimo cha kumi na mbili."

"Aliyeiba kutoka kwenye kompyuta angekuta mistari miwili. Aliyesikia bendi ikifanya mazoezi angesikia koo na saksafoni, angejua ni vitu viwili. Aliyeandika hii alisikia vyote vikitoka kwenye mdomo mmoja." Alimgeukia kiongozi wa bendi. "Mkubwa, tafadhali. Niimbie kiitikio. Kama unavyoimba ukiwa peke yako."

Mkubwa alikohoa, akaweka mkono kwenye goti, akaimba. Alikuwa na sauti nzuri na alijua. Maneno yalipoisha hakuvuta pumzi. Alikunja midomo, akaendelea, pa-ra-pa, pa-ra-ra-pa, akapanda na kushuka na saksafoni yake ya mdomoni hadi maneno yaliporudi.

"Umeimba na saksafoni," mpelelezi alisema.

"Bila jibu wimbo haujakamilika."

"Kila mara unaimba hivyo?"

"Kila mara."

"Hata bafuni," Kesho alisema. "Tuliolala naye chumba kimoja safarini ni mashahidi."

"Wimbo huu umeuimba wapi?"

"Hapa tu. Ulikuwa siri. Sikumwimbia mtu."

"Sijauliza ulimwimbia nani. Nimeuliza wapi."

"Nyumbani," Mkubwa alisema. "Nikipiga pasi. Nikipiga pasi siwezi kukaa kimya, mashati hayanyooki."

"Nani mwingine yuko nyumbani?"

"Mke wangu tu. Lakini mke wangu hana habari na mambo ya bendi. Yeye anafundisha watu kupiga piano."

Kesho aliweka vijiti vyake vya ngoma sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Nyumba ilikuwa mitaa miwili kutoka pale. Walikwenda kwa miguu, Mkubwa mbele, na hakuimba.

Mkewe alifungua mlango akiwa na miwani kichwani na penseli sikioni. Aliwaona wanne, akamtazama mumewe. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," mnukuzi alisema. "Bado."

Sebule ilikuwa na kinanda kimoja kilichosukumwa ukutani, viti viwili, laptopu juu ya kitambaa cha kufumwa, na juu ya kabati la vitabu spika ndogo ya duara isiyo na waya hata mmoja. Mpelelezi aliikagua akiwa amesimama mlangoni. Hakuigusa.

"Unatumia programu ya kuandikia nota, mwalimu?"

"Ya bure. Niliipata mwenyewe kwenye mtandao, sikumsumbua mtu." Mwalimu alishusha miwani puani. "Wanafunzi wangu ni watu wazima. Hawataki mazoezi ya vitabuni, wanataka nyimbo wanazozisikia. Nikisikia kitu kizuri napiga, mashine inaandika."

"Inaandika vizuri?"

"Ina kwikwi. Kila kipimo inaanza na kimya kisicho na maana. Nimewaambia wanafunzi wairuke, hiyo ni kwikwi ya mashine, si ya mtunzi."

Mpelelezi alimpa ile karatasi ya duka. Mwalimu aliisoma kwa mstari mmoja tu.

"Hii ni yangu. Nani ameipa kichwa hiki cha ajabu?"

"Chako kilikuwaje?"

"Zoezi la Pasi. Sikujua linaitwaje. Huyu bwana anaimba asubuhi zote akinyoosha mashati, nikadhani ni wimbo wa zamani, maana ungekuwa mpya na mzuri hivyo ningeusikia redioni." Alimgeukia mumewe. "Kumbe ni wako?"

Mkubwa hakujua ajibu sehemu ipi. "Ni wangu. Ni siri. Kuna uchunguzi, mke wangu. Nilitaka kumnyima mpwa wangu kitabu kwa ajili ya karatasi hiyo."

"Uchunguzi wa nini, nami niko hapa? Mbona hukuniambia?"

"Tulikubaliana kazi isiingie nyumbani."

"Kazi haikuingia. Wimbo ndio umeingia, tena kwa mlango wa mbele, umevaa shati lililonyooshwa."

Mpelelezi aliomba karatasi ichapwe upya kutoka kwenye laptopu ile. Aliipokea ikiwa bado na joto, akaenda dirishani, akaibandika kwenye kioo juu ya ile ya duka. Mwanga ulipita katika zote mbili. Mistari ililala juu ya mistari, nota juu ya nota, alama za kimya juu ya alama za kimya. Kilichotofautiana ni kichwa tu. Alimwita mnukuzi atazame, akamwita Mkubwa atazame, na kila mmoja alithibitisha kwa mdomo wake.

"Karatasi hii ulimpa nani, mwalimu?"

"Mmoja tu. Daktari wa meno, anakuja Jumanne."

Simu ilipigwa mbele ya wote, ikawekwa kwenye sauti ya juu. Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa mdomo wazi, lakini alijibu. Ndiyo, alipeleka karatasi ile kupigwa nakala mbili, moja ya nyumbani na moja ya kliniki. Hapana, hakumpa mtu. Alitaka kujua kama wimbo una ubeti wa pili, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wameanza kuuzoea.

"Upo," Mkubwa alisema kwenye simu, na licha ya yote kifua chake kilijaa.

"Unauimba wakati wa soksi," mkewe alisema. "Bado sijauandika."

Mpelelezi alikata simu. Aliandika sentensi tatu: kwamba wimbo ulitoka kwa mtunzi mwenyewe, kwamba mwalimu hakujua ni siri wala ni wa nani, kwamba mnukuzi hahusiki. Alizisoma kwa sauti. Hakuna aliyepinga. Akampigia muuza duka, naye akakiri kwamba kichwa kipya alikiweka yeye ili karatasi iuzike, akaahidi kushusha nakala zilizobaki ukutani. Kesho alitumwa kwenda kuhakikisha, na safari hii aliondoka mara moja.

Mkubwa alibaki amesimama katikati ya sebule yake. Alimgeukia mpwa wake.

"Nilisema mbele za watu kwamba ni wewe," alisema. "Basi na hili nalisema mbele za watu. Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

"Uliposema ni mimi, mashahidi wote walikuwepo, mjomba. Umeomba radhi mmoja hayupo. Kesho ametoka."

"Nitarudia akirudi."

"Akirudi," mkewe alisema, "tutakuwa tumezeeka."

Mnukuzi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya laptopu ya mkaza-mjomba wake. Alichagua nota zote. Akabonyeza vitufe viwili. Ukurasa mzima ulisogea robo pigo nyuma, kamba zikakatika, alama za kimya zikatoweka, na kila nota ikakaa kwenye pigo lake.

Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. "Na mimi nimewafundisha watu wazima kuruka kwikwi mwaka mzima."

Mchapishaji alifika alasiri, mkataba mkononi. Alisoma zile sentensi tatu akiwa wima, akauliza maswali mawili, akajibiwa, akakaa. Mnukuzi aliupitia mkataba kutoka juu hadi chini bila haraka. Alipofika mwisho aliomba kalamu, na kabla ya kutia saini aliongeza sharti moja kwa mkono: kwamba hadi kitabu kitakapotoka, mtunzi hataimba wimbo wowote ambao haujatolewa akiwa anapiga pasi, kunyoosha soksi, au kufanya kazi nyingine ya nyumbani karibu na kinanda.

Mchapishaji alisema hana pingamizi. Mkubwa aliusoma mstari ule mara mbili, akamtazama mkewe, naye akampa penseli iliyokuwa sikioni. Mpelelezi alisema penseli haikubaliki. Mkubwa akapewa kalamu, akasaini.